Mafuta ya bangi kwa farasi anayejikuna
Ndugu, umeuliza kama farasi wako hapo Karen, anayejikuna shingo na mkia hadi singa zinang'oka, apakwe mafuta ya bangi kwa kuwa ngozi yake ina vipokezi vya kanabinoidi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali za aina ya zile za bangi. Vipokezi hivyo, CB1 na CB2, vimo kweli, lakini hupokea kemikali ambazo mwili wenyewe hutengeneza, kama anandamaidi, na kuwapo kwavyo si ushahidi kwamba mafuta yatamponya. Tena bangi imekatazwa nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 1994. Mimi ningeshuku kwanza usubi, ambao huuma zaidi alfajiri na magharibi. Mfungie bandani nyakati hizo, ukiweka wavu wa matundu madogo sana (chandarua cha kawaida usubi hukipenya), kisha umwite daktari wa mifugo amkague ngozi.