Viwango vya bekari: mhasibu aanzie kwenye mizani

Mkuu, umeuliza mhasibu anaingiaje kwenye kupanga viwango vya bekari yako, yaani kiasi cha unga na bei unavyotarajia kutumia, wakati meneja uzalishaji yupo. Anaingia kwa sababu meneja ndiye atakayepimwa, na haifai mtu ajipangie kipimo chake mwenyewe. Ila mhasibu asikipangie ofisini.

Ashuke kwenye mashine na mizani. Mfuko wa unga wa kilo 50, ukishatiwa maji, sukari, mafuta, chumvi na hamira, hutoa donge la kilo 85 hivi. Toa asilimia 2 inayoganda kwenye mashine na meza, kisha gawa kwa gramu 460, maana mkate wa gramu 400 hupoteza maji ndani ya oveni. Inakuja kama mikate 180. Arudie kupima zamu ya mchana na ya usiku. Wengi huchukua tu wastani wa mwezi uliopita wakauita kiwango, na hapo wizi na uzembe wa mwezi ule vimeshahalalishwa.

Tuseme mwezi umetoa mikate 54,000. Kiwango ni mifuko 300, stoo imetoa 309, na kila mfuko umenunuliwa shilingi 82,000 badala ya 80,000 iliyopangwa. Umetumia 1,338,000 zaidi ya kiwango. Usimbebeshe mwokaji zote! Mifuko 9 kwa bei iliyopangwa, yaani 720,000, ndiyo anayoulizwa yeye. Ile 2,000 kwa kila mfuko, jumla 618,000, aulizwe mnunuzi. Na mifuko iliyotumika ulinganishe na mikate iliyotoka kweli, si ya kwenye bajeti.

Mnunuzi naye usimpe bonasi kwa bei peke yake. Unga dhaifu wa bei chee haunyonyi maji vizuri, donge linapungua, na hasara inajitokeza kwa mwokaji.

Mikate inayorudi toka madukani iwe na safu yake upande wa mauzo, isichanganywe na hasara ya mwokaji.

Kwenye hesabu za mwaka, IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa bidhaa zilizo stoo, inaruhusu kuthamini stoo kwa gharama za kiwango zikikaribiana na gharama halisi, na inataka zipitiwe mara kwa mara. Upotevu usio wa kawaida unakwenda moja kwa moja kwenye matumizi, hauingizwi kwenye thamani ya mkate.

Yote haya yanahitaji karatasi ya kila zamu: mifuko iliyotoka, mikate iliyopatikana, iliyoungua, sahihi ya mtunza stoo na ya kiongozi wa zamu. Ukisubiri mwisho wa mwezi, ile mifuko 9 hakuna atakayekumbuka ilipotelea wapi.