Kifaa cha dharura cha "yote kwa pamoja": utakiweka wapi garini?

Ndugu yangu, umeuliza kama kile kifaa wanachouza wachuuzi barabarani, chenye tochi, nyundo ya kioo, kisu cha mkanda, pawabenki na king'ora, kinatosha kwa mtu kama wewe anayevuka kivuko cha Likoni kwa feri na watoto kila siku. Ninacho kimoja. Jibu langu ni kwamba hakitoshi, na shida kubwa ni mahali pa kukiweka.

Nyundo na kisu vyataka kuwa pale mkono wa dereva unapofika akiwa bado amefungwa mkanda. Betri ya lithiamu haitaki kukaa hapo, maana gari likiegeshwa juani mchana hapa Mombasa, dashibodi hupita nyuzi 60 bila taabu. Cha shemeji yangu kilikaa juu ya dashibodi mpaka betri ikafura na ganda likaachana. Tukakitoa haraka kabla hakijashika moto. Ukikihamishia kwenye buti kukiepusha na jua, basi ile nyundo ni kama hunayo. Ndiyo maana nasema vitu hivi viwili visinunuliwe vikiwa kimoja.

Nyundo yenyewe nimeijaribu. Kwa fundi mmoja kule Changamwe palikuwa na milango ya gari lililokufa, akaniruhusu. Ile ya kifaa cha mchanganyiko ina ncha butu na mpini mfupi, ikawa inadunda tu. Kile kidude kidogo cha springi, unachokibonyeza kwenye kona ya kioo, kilikitawanya kioo mara moja. Na fikiria uko ndani ya maji: mkono hauna nafasi ya kuvuta nyundo, lakini kubonyeza unaweza.

Ila hata hicho kina mpaka wake. Kioo cha mbele ni cha tabaka mbili zenye plastiki katikati, hakipasuki kwa vidude hivi, na magari mengi mapya yana kioo cha namna hiyo hata milangoni. Mwaka 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa 6: vinne vilivunja kioo cha kawaida cha mlangoni, na hakuna hata kimoja kilichopenya kile cha tabaka.

Kuhusu feri, najua bado unaikumbuka ajali ya Septemba 2019, gari lilipoteleza likaingia baharini na mama na mwanawe wakafa. Nami huikumbuka kila nikipanda. Gari likiingia majini usingoje, wala usipoteze muda kupiga simu. Fungua mikanda, teremsha vioo papo hapo kwani vya umeme kwa kawaida bado hufanya kazi mwanzoni, toa watoto kwanza, wakubwa wakianza kabla ya wadogo ili wawapokee, kisha utoke. Usihangaike na mlango; maji yakishapanda nje huusukuma usifunguke. Kidude cha springi ni cha pale kioo kinapokataa kushuka. Wafundishe watoto mpango huu mkiwa nyumbani, gari limesimama.

Pawabenki ya volti 5 haiwezi kuwasha injini, hata boksi liseme nini. Betri ya gari ikiisha moto, utahitaji waya nzuri nene na gari la jirani. King'ora sijawahi kukihitaji.

Kwa hiyo nunua kidude cha springi chenye wembe wa mkanda, kifunge kwa kamba karibu na kiti, na ukikague kila baada ya miezi michache, maana hewa ya chumvi hula springi na wembe. Tochi inayotumia betri za kawaida, pembetatu mbili na kizima moto kaa navyo.

Kabla ya kulipa, soma maandishi madogo kwenye pembe ya kila kioo. Ukikuta "Tempered", yaani kile cha kawaida, kidude kitafanya kazi. Ukikuta "Laminated", yaani kile cha tabaka, milango ya mbele, angalia na ya nyuma, kwa sababu kuna magari ambayo ya nyuma bado ni ya kuvunjika, na huko ndiko mtakakotokea.