Taimauti ipo, mbona faili bado linavurugika?

SWALI: Kaka mambo, nina programu ya Python, thredi kadhaa (kazi zinazoenda sambamba ndani ya programu) zinaandika faili moja. Nimeweka lock.acquire(timeout=5) ya kuomba kufuli, ili thredi moja tu iandike kwa wakati, na release ya kuliachia nimeiweka kwenye finally (sehemu inayofanyika lazima mwishoni) lakini bado thredi mbili zinaingia pamoja. Taimauti haifanyi kazi au?

JIBU: Poa dada. Inafanya kazi vizuri tu, ila hizo sekunde 5 ni za kusubiri, hazimnyang'anyi kufuli yule aliyelishika. Zikiisha acquire hairushi eror yoyote, inakurudishia False kimyakimya na kodi inaendelea na mstari unaofuata, kwa hiyo usipolikagua hilo jibu thredi yako inaingia kwenye faili bila kufuli kabisa. Na kuna baya zaidi, Lock ya kawaida ya Python inafunguliwa na thredi yoyote ile, yaani release yako inamfungulia mwenzio ambaye bado anaandika, halafu wa tatu naye huyo anaingia! ReentrantLock, kufuli la lugha ya Java, ingekupigia kelele kwa eror hapohapo.

Andika if lock.acquire(timeout=5): alafu try na finally zikae ndani yake, kwenye else amua kama unarudia au unaacha. Hamia RLock pia, kufuli lingine la Python, hiyo inamjua thredi iliyolishika na haikubali nyingine ilifungue. Ukitumia with lock: (njia fupi ya kushika na kuachia kufuli), hiyo haipokei taimauti, inasubiri tu.

Na sekunde 5 zikiisha mara kwa mara usikimbilie kuweka 30 jamani, tafuta kwanza nani anakaa na kufuli muda wote huo, mara nyingi ni thredi inayosubiri mtandao huku imelishikilia.