Muulize Shangazi: Shajara yangu imejaa hasira

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 22 na kila usiku naandika shajara. Nikisoma kurasa za nyuma naona hasira tupu dhidi ya baba. Niendelee kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Endelea, ila badili unachokitazama. Ukiandika "baba kaniudhi", hujaandika kitu bado. Andika alichosema, kwa maneno yake mwenyewe, na mikono yake ilikuwa ikifanya nini. Nilipokuwa na umri wako niliandika hivyo kuhusu mama. Kurasa zilipoongezeka nikaona kuwa kila alipofoka, muda mfupi kabla alikuwa amekunja barua ya mwenye nyumba na kuisukumia chini ya mto. Kichwani sikuwahi kuyaunganisha hayo mawili. Karatasi ndiyo iliyoniunganishia.

Andika siku hiyo hiyo, maana kumbukumbu hubadilika kadiri tunavyoirudia, na ugomvi wa mwezi jana huanza kufanana na hisia za leo. Tarehe usiiache! Ukija kusoma, pigia mstari kila mahali ulipodhani unaijua nia ya baba. Chagua mahali pamoja kati ya hapo, umuulize mwenyewe, mkiwa wawili tu.