Msimbo unaojirudia, uliorudiwa au rudufu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtunga programu, niko Mwanza. Timu yetu inaandika ripoti ya ukaguzi wa programu ya mauzo, na mteja ametaka iwe ya Kiswahili. Tumekwama kwenye maneno. Vipande vya msimbo ("code" kwa Kiingereza, yaani maandishi ya amri za programu) vilivyoandikwa zaidi ya mara moja, mmoja wetu kaviita "msimbo unaojirudia", mwingine "msimbo uliorudiwa", mimi nikaandika "msimbo rudufu". Tena hatukubaliani kama msimbo mgumu kufuatilia ni "tata" au "changamano". Na ile kazi ya kuusafisha bila kubadili inachofanya programu, tuiiteje?

JIBU: Marahaba. Nimefurahi kwamba mnabishania maneno kabla ripoti haijamfikia mteja.

"Unaojirudia" liacheni. Kiambishi -ji- kinamfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja, kwa hiyo hapo msimbo wenyewe ndio unaorudia kazi yake. Kitu cha namna hiyo kipo kwenye programu, nacho ni kitanzi: amri zinazozunguka mpaka sharti litimie. Fundi akisoma "ondoa msimbo unaojirudia" anaweza kwenda kufuta kitanzi ambacho hakina kosa lolote.

"Uliorudiwa" nalo linapeleka pengine. Mtihani uliorudiwa, uchaguzi uliorudiwa: cha kwanza kilifanywa, hakikuridhisha, kikafanywa kingine mahali pake. Kwenye msimbo wenu cha kwanza kipo na cha pili kipo, na vyote viwili vinafanya kazi. Shida iko hapo hapo.

Wewe umepatia. Aliyesoma kwetu anakumbuka karatasi za mtihani zilizorudufiwa: andiko moja, karatasi mia. Swali la nne likiwa na kosa, kosa limo katika karatasi zote mia, na kulisahihisha kwenye ile ya kwanza hakuzigusi zilizokwisha kutoka. Ndivyo msimbo rudufu unavyoumiza. Chukua VAT ya asilimia 18. Kama hesabu yake imeandikwa kwenye risiti, ikaandikwa tena kwenye ankara, na mara ya tatu kwenye ripoti ya mwezi, siku kiwango kikibadilika mtu atasahihisha sehemu mbili na ya tatu itabaki na hesabu ya zamani. Dawa yake ni kuiandika hesabu mahali pamoja, na sehemu zote tatu ziiite kutoka hapo. Hali yenyewe iiteni "urudufu wa msimbo".

Lakini kufanana si urudufu, na ripoti yenu lazima itenganishe haya mawili. Tuseme programu hiyo hiyo ina sharti kwamba mnunuzi wa pombe awe na miaka 18. Hii 18 na ile ya VAT zimegongana tu. Mkiziunganisha kwa kuwa zinafanana, siku Bunge likibadili kodi mtakuwa mmebadili na umri wa kununua pombe. Swali la kujiuliza ni moja: kimoja kikibadilika, je, kingine nacho ni lazima kibadilike? Kama si lazima, andikeni "vinafanana" na mviache vilivyo.

Sasa tata na changamano. Hapa sarufi yetu ilishaamua zamani, na ningesikitika kuona watu wa kompyuta wakiyachanganya tena. "Mwalimu ametupa vitabu" ni sentensi tata. Ina maneno matatu, kishazi kimoja, lakini hujui kama mwalimu ametugawia vitabu au amevitupa jalalani. "Mteja ambaye risiti yake imepotea atapewa nyingine ikiwa malipo yake yataonekana" ni changamano: ina kishazi kikuu na vishazi tegemezi viwili, ila maana yake haina shaka. Uchangamano umo katika muundo, utata anaupata msomaji.

Msimbo nao uko hivyo. "Kama" iliyomo ndani ya "kama" iliyomo ndani ya "kama" nyingine ni vishazi tegemezi vitupu. Mtaalamu wa kompyuta Thomas McCabe alipendekeza kipimo chake mwaka 1976: hesabu mahali ambapo programu inaamua njia ya kupita, ongeza moja, na matokeo yakizidi 10 gawa kipande hicho. Idadi ya namna hiyo iiteni "uchangamano", maana inahesabika. Kipande cha mistari mitano chenye majina kama x, y na z2, ambacho hata aliyekiandika hakielewi tena, kina uchangamano mdogo sana, lakini ni tata. Neno hilo linatokana na kutata, kama uzi unavyotata, na kinyume chake ni kutatua. Kwa hiyo uchangamano unapunguzwa, utata unatatuliwa.

Kuhusu kazi ya kuusafisha, "kuandika upya" kunaashiria kutupa na kuanza, na "kurekebisha" kunaashiria kwamba programu ilikuwa mbovu. Mimi napendekeza "kusuka upya". Msusi akifumua nywele na kuzisuka tena, kichwa ni kile kile na nywele ni zile zile, mpangilio tu ndio mpya. Magazeti yetu yamelizoea: baraza la mawaziri husukwa upya. Sentensi ya ripoti basi iwe hivi: "Sehemu ya ankara ina msimbo rudufu katika mahali patatu na uchangamano wa 17, tunashauri isukwe upya."

Na moja ambalo hukuuliza. Msikubali "kodi" iingie mahali pa "msimbo", ingawa nasikia vijana wakiisema kila siku. Katika programu ya mauzo mtajikuta mnaandika "kodi ya kukokotoa kodi", na mhasibu wa mteja atapiga simu kuuliza anadaiwa nini.