Siku saba katika msitu wa Petén: kwa nini ningekaa Guatemala na kuiacha mipaka

Ndugu yangu, umeeleza kwamba una siku saba, fedha za kiasi na hamu ya kuona magofu ya Wamaya, wenyeji wa Amerika ya Kati, yaliyomo msituni, na kwamba umeshindwa kuchagua kati ya Palenque ya Mexico, Tikal ya Guatemala na Caracol ya Belize, huku moyo ukikuvuta vilevile kwenye safari ya miguu ya El Mirador, magofu yaliyo ndani kabisa ya msitu wa Guatemala. Mimi na mke wangu tulifika upande huo mwezi Machi, tukiwa na siku tisa na mpango uliojaa majina mengi kuliko siku zenyewe, kwa hiyo nitakujibu kwa kutegemea makosa yetu. Ushauri wangu ni kwamba ukae Petén, jimbo la kaskazini mwa Guatemala, kwa siku zako zote saba, wala usivuke mpaka hata mmoja.

Ramani hudanganya sana katika eneo hili. Palenque na Tikal huonekana kama majirani, lakini kati yao kuna mto Usumacinta, ambao huvukwa kwa mashua ya injini kutoka Frontera Corozal, kukiwa na foleni ya pasipoti ng'ambo hii na ng'ambo ile, kisha basi dogo la saa kadhaa kwenye barabara mbovu, na siku nzima inakuwa imekwisha. Sisemi kwamba Palenque ni mahali pa kudharau. Ndani ya Hekalu la Maandishi ndimo Alberto Ruz Lhuillier alimolikuta kaburi la mfalme Pakal mwaka 1952, na mwenye wiki mbili anaweza kutoka huko akaona Yaxchilán, mji unaofikiwa kwa mashua, pamoja na Bonampak, ambako michoro ya rangi ya karne ya nane bado imo ukutani. Mwenye wiki moja, hata hivyo, ataona viti vya mabasi kuliko magofu. Caracol nayo ni safari ya siku nzima ndani ya Belize kwenyewe.

Kutoka Jiji la Guatemala hadi Santa Elena, mji mkubwa wa Petén, ni karibu kilomita 500. Ndege hutumia chini ya saa moja na nusu. Basi la usiku hutumia saa nane hadi kumi. Sisi tulipanda basi ili kuokoa fedha, na kosa langu la kwanza lilitokea humo: nikijua kwamba tunakwenda nchi ya joto, niliacha sweta katika begi lililofungiwa chini ya gari, kumbe kiyoyozi cha mabasi hayo huwashwa usiku kucha kana kwamba yanasafirisha samaki.

Wageni wengi hulala Flores, kisiwa kidogo cha ziwa Petén Itzá kilichounganishwa na Santa Elena kwa barabara fupi iliyojengwa juu ya maji, ambako bajaji hupita mchana kutwa. Ni mahali pa kupendeza na unaweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Wengi hupita bila kujua kwamba hapo ndipo palipokuwa Nojpetén, mji mkuu wa Waitza, ufalme wa mwisho wa Wamaya, uliotekwa na Wahispania mwaka 1697. Kwetu sisi wa pwani tarehe hiyo ina uzito wake, kwa sababu ni mwaka mmoja tu kabla ya Waomani kuwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu kule Mombasa. Tumezoea kusikia kwamba Wamaya walitoweka zama za kale. Ukweli ni kwamba dola yao ya mwisho ilikuwa hai wakati Mombasa imezingirwa, na wazao wao wapo hadi leo kwa mamilioni, wakizungumza lugha zao.

Kosa langu la pili lilikuwa kuifanya Tikal safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja kutoka Flores. Ni kilomita 64 hivi, kama saa moja na nusu, na wakala mmoja alituuzia tiketi ya basi dogo la asubuhi la kwenda na kurudi. Tukafika jua likiwa limekwisha kupanda, tukatembea saa zile zile za joto ambazo wanyama wote wamejificha, na tulipotoka kwa kuchelewa dakika kumi tukakuta gari limekwisha kuondoka. Tulirudi baada ya siku mbili, safari hii tukalala ndani ya hifadhi yenyewe, katika hoteli moja kati ya chache zilizo karibu na lango la magofu. Ni ghali kuliko Flores. Kama kuna mahali pamoja pa kutumia fedha yako bila majuto, ni hapo.

Ukilala ndani, unaingia saa kumi na mbili asubuhi na kuwa na msitu karibu peke yako kwa saa mbili, halafu unarudi kupumzika wakati mabasi yanapofika, kisha unaingia tena alasiri yakiwa yameondoka. Sauti itakayokuamsha ni ya kima wa huko wanaonguruma; aliyewahi kuwasikia mbega alfajiri anaweza kukisia, ila hawa wana kishindo kikubwa zaidi, na mke wangu usiku wa kwanza aliamini kwamba ni simba hadi nilipomkumbusha tulipo. Utaona pia pizote, mnyama mwenye umbo la kukaribia nguchiro na mkia ulioinuliwa juu, wakitembea kwa makundi bila kumwogopa mtu. Kwenye njia ya kuingilia kuna mti mkubwa sana ambao waongozaji huusimulia kwa heshima kwa kuwa ndio mti wa taifa la Guatemala, nao huuita ceiba. Niliutazama shina, nikatazama matawi yake yaliyonyooka kando, nikacheka: ni msufi, ule ule unaojaza mito yetu ya kulalia.

Kuhusu magofu yenyewe, usikimbilie Hekalu la IV kwa sababu tu ndilo refu kuliko yote, likiwa na mita 65 hivi. Kuna tiketi ya ziada ya kuingia kabla ya alfajiri ili uketi juu yake kutazama jua likichomoza. Sisi tuliilipia na tukatazama ukungu mweupe kwa saa nzima, jambo ambalo ni la kawaida katika msitu huo. Panda alasiri, kwa ngazi za mbao zilizowekwa pembeni. Hekalu la I, lenye mita 47, hairuhusiwi kulipanda, nalo ni kaburi la mfalme Jasaw Chan K'awiil. Jambo lililonishangaza kuliko urefu ni maji. Tikal haina mto, na mji wa maelfu ya watu uliishi kwa mvua: viwanja vilipigwa lipu na kuinamishwa kidogo ili maji yatiririkie mabwawa yaliyochimbwa kwa makusudi. Aliyeona visima na mifereji ya Gedi, ambayo nayo imemezwa na msitu, atatambua mara moja akili ya namna hiyo. Jiwe la mwisho la kumbukumbu lililochongwa tarehe ni la mwaka 869, na baada ya hapo miti ikachukua nafasi.

Kutoka juu utaona vilima vingi vya kijani. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba vipimo vya leza vilivyopigwa kutoka angani juu ya kilomita za mraba zipatazo 2,100 za Petén vilionyesha majengo zaidi ya 60,000, kwa hiyo baadhi ya vilima hivyo si vilima.

Alasiri moja itoe kwa Yaxhá, ulioko upande wa barabara inayokwenda mpaka wa Belize. Jina lake maana yake ni maji ya rangi kati ya buluu na kijani, na kweli mji umekaa juu ya ziwa. Panda Hekalu la 216 kabla ya jua kutua. Tulikuwa watu tisa tu. Usioge ziwani, maana mamba wapo.

Halafu nenda Uaxactún, kilomita 23 kaskazini mwa Tikal, kwa basi lile moja la siku. Hapa ndipo nilipopapenda zaidi, ingawa magofu yake ni madogo. Kijiji kimejengwa kandokando ya kiwanja cha ndege cha zamani, kilichotumika kusafirisha utomvu wa mti wa zapote uliokuwa ukitengenezewa ubani wa kutafuna. Wanakijiji wamepewa haki ya kuutumia msitu kwa masharti, ndani ya Hifadhi ya Biosfia ya Maya iliyoanzishwa mwaka 1990, nao huvuna mbao kwa kiasi na majani ya xate ya kupambia maua. Tulilala katika kibanda cha mama mmoja aliyetupikia maharage na tortilla, yaani chapati ndogo za mahindi. Alfajiri tukaenda Kundi E, ambako majengo matatu yamepangwa ili jua lichomoze nyuma ya moja au jingine kulingana na majira.

El Mirador iache. Sikwenda, ila tulikula na vijana waliotoka huko: ni siku tano au sita za miguu kutoka Carmelita, na wiki yako yote itakwisha kwa piramidi moja, La Danta, hata kama inakaribia mita 72. Wakati wa mvua, yaani Mei hadi Oktoba au zaidi, njia ni tope la magotini.

Mambo machache ya lazima. Ukitokea Kenya au Uganda, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ndege nyingi hupitia Marekani, na pasipoti zetu huhitaji viza ya huko hata kwa kubadilisha ndege tu, kwa hiyo tafuta njia ya Panama au Mexico na uulize masharti yao mapema. Beba pasipoti unaponunua tiketi za hifadhi, na fedha taslimu za kutosha kabla ya kutoka Flores. Vaa viatu vilivyofunika vifundo, kwa ajili ya nyoka na kupe.

Ningepanga hivi: usiku mmoja Flores, miwili Tikal, mmoja Uaxactún, miwili Flores tena ili uende Yaxhá bila haraka, na siku ya saba ya basi la kurudi. Sweta uishike mkononi.