Ng'ombe wa Pembe Ndefu Anauzwa Rahisi: Nimlipie Kiasi Gani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa tumbaku hapa Uyui, nina miaka 34. Baada ya malipo ya msimu nimebakiwa na shilingi 4,200,000. Nataka ninunue majike wa kienyeji, niwahimilishe (wapandishwe kwa mrija, bila dume) kwa mbegu ya kisasa, halafu niuze mitamba chotara kwa watu wa Tabora mjini wanaotafuta ng'ombe wa maziwa. Kuna mzee jirani ana majike saba wenye damu ya Ankole, waliotoka upande wa Kibondo, pembe zao ndefu kwelikweli. Kila mmoja anataka laki sita. Anasema kawashusha bei kwa sababu wanunuzi wa malori hawawataki, pembe zinakula nafasi na zinachoma wenzao njiani. Jike wa mwili uleule mwenye pembe fupi hapa kwetu ni laki saba. Saba mara laki sita ni hela yangu yote. Je, niwachukue wote?

Msomaji, Uyui

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwachukue wote. Chukua wanne, na hao wanne tuwachague pamoja.

Hiyo laki moja uliyopunguziwa kwa ajili ya pembe ni punguzo la kweli. Mwenye lori anahesabu vichwa vinavyoingia kwenye bodi, na Ankole mmoja anachukua nafasi ya wawili. Wewe hupakii lori. Tumbo la uzazi halina habari na pembe, na ndama atakayezaliwa utamwondolea pembe akiwa mdogo. Kwa hiyo pale mtu wa lori anapoona hasara, wewe una nafasi.

Lakini ng'ombe anaweza kuwa rahisi kwa pembe, na yuleyule akawa rahisi kwa tumbo. Muuzaji atakutajia sababu ya kwanza tu. Fanya hesabu hii. Ng'ombe wangu mwenyewe, hapa nje kidogo ya mji, kila mmoja ananila kama shilingi 15,000 kwa mwezi: mchungaji, josho, dawa ya minyoo, chumvi, pumba kidogo wakati wa kiangazi. Laki moja ya pembe inaisha ndani ya miezi saba ya ng'ombe asiye na mimba. Akikaa mwaka mzima mtupu amekula 180,000, na huyo wa laki saba aliyeshika mimba mapema amekuwa rahisi kuliko wako. Kwa hiyo ukifika zizini swali lako la kwanza lisiwe bei, liwe ndama wangapi wamebaki ndani ya ng'ombe huyu.

Pembe zenyewe zitakusaidia kulijibu. Mshike ng'ombe akiwa amefungwa vizuri, weka kucha ya kidole gumba kwenye shina la pembe, karibu na nywele, kisha ipitishe polepole kuelekea ncha. Utasikia matuta, moja baada ya jingine, kama nyuzi za kamba iliyosokotwa. Hizo ni pete. Ya kwanza hujitokeza anapokaribia miaka mitatu, na baada ya hapo mimba na kunyonyesha huacha alama yake. Wazee huhesabu pete na kuongeza miwili: pete tano, miaka saba hivi. Tazama pia nafasi kati ya pete na pete. Zikikaribiana sawasawa, amekuwa akizaa kwa mpangilio. Ukikuta sehemu pana laini kisha pete, huenda aliruka uzazi. Kwetu hapa kiangazi kikali nacho huacha pete, kwa hiyo usiamini pembe peke yake, fungua mdomo.

Ng'ombe ana meno manane ya mbele, yote chini, juu hana. Meno ya utoto hubadilika jozi kwa jozi: mawili makubwa akiwa na miaka miwili na kitu, na yote manane yanakuwa yamekamilika kwenye miaka minne hadi mitano. Mimi nataka jike mwenye meno sita au manane ambayo bado yamesimama yakigusana. Yakianza kuachana na kulika, mpe ndama mmoja au wawili katika hesabu yako. Yakibaki visiki, huyo ni wa mchinjaji, hata kama mwenye naye anakuapia.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka 1996, kwa hela yangu ya kwanza ya maana, nilinunua majike watatu kwenye mnada mmoja. Mmoja wao alikuwa na pembe nzuri zinazong'aa, laini toka shina hadi ncha. Nilifurahi, nikamwona bado kijana. Mvua ya kwanza ilipompiga mafuta yakatoka, nikaona mikwaruzo myembamba inayokwenda urefu wa pembe. Pete zilikuwa zimeparuzwa kwa kipande cha chupa. Nilipofungua mdomo, ambao ningepaswa kuufungua siku ileile mnadani, nilikuta visiki. Hakuzaa kamwe. Nililisha miaka miwili nikitumaini, na hadi leo pembe inayong'aa naigusa mara mbili.

Sasa bei. Kabla ya kurudi kwa huyo mzee, nenda mnada wa Ipuli siku mbili tatu bila kununua. Simama karibu na wachinjaji, sikiliza wanavyotoa kwa jike wa mwili kama hao. Tuseme angepewa 520,000. Hiyo ndiyo sakafu yako, maana akikushinda uzazi utarudi hapo. Kinachozidi, yaani 80,000, ndiyo bei unayolipia uzazi. Akiwa na ndama wanne mbele yake, umelipa elfu ishirini kwa kila ndama, lipa bila wasiwasi. Akiwa na mmoja, elfu themanini nzima imeangukia kwa huyo mmoja, na hapo mwambie mzee kwa heshima kwamba huyu unamchukua kwa bei ya mchinjaji au unamwacha. Mwenye ndama anayenyonya, au aliyepimwa na daktari wa mifugo akakutwa na mimba, hata ukiongeza elfu arobaini juu ya laki sita hujapoteza. Huyo amekuonyesha kwa macho kwamba anazaa.

Kabla hujatoa hela shika chuchu zote nne moja moja, kamua kidogo. Kiwele chenye donge gumu kilishawahi kuugua, na ndama atanyonya robo tatu. Uliza kama kuna aliyetupa mimba mwaka huu au uliopita, na omba damu ipimwe kwa ugonjwa wa kutupa mimba. Ugonjwa huo unaingia hata kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na maji ya uzazi, nawe una watoto wadogo nyumbani au utakuwa nao. Kwenye jambo hili sina mzaha.

Wakiwa wamekonda usiogope sana, mradi meno na kiwele viko sawa. Mwezi wa tisa na wa kumi kila ng'ombe wa Tabora anaonyesha mbavu, na ndiyo bei inashuka. Ila ng'ombe aliyekonda haingii joto, yaani hataki dume, kwa mpangilio. Mnunue wakati huo, mpe dawa ya minyoo, mwache ale majani mapya ya Novemba na Desemba. Akishika mimba katikati ya Januari, siku 283 baadaye ni mwishoni mwa Oktoba: anazaa mvua zikikaribia, na maziwa yanapanda na majani.

Kuhusu mbegu. Majike hawa wakishazaa mara moja au mbili wanabeba ndama wa Friesian au Ayrshire bila shida kubwa. Mtamba ambaye hajawahi kuzaa usimpe hizo, mpe Jersey, ndama wake ni mdogo. Nimeshavuta ndama kwa kamba usiku kucha kwa sababu ya mtu aliyetaka ukubwa, na asubuhi tukawa tumepoteza wote wawili. Jambo jingine: joto la ng'ombe wa kienyeji ni fupi na mara nyingi huja usiku. Aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Kama mtaalamu wa uhimilishaji yuko mbali na kijiji chako, mkubaliane mapema, la sivyo kila joto utakalokosa ni siku 21 nyingine za kulisha.

Ndama hao wa kwanza, wa mama wa kienyeji na mbegu ya kisasa, ndio wenye nguvu kamili ya mchanganyiko wa damu. Ukija kupandisha chotara kwa chotara, nusu ya nguvu hiyo inapotea, kwa hiyo majike wako wa pembe ndefu usiwauze haraka ukidhani mitamba watachukua nafasi yao. Hao ndio kiwanda.

Chukua basi wanne kwa 2,400,000. Hiyo 1,800,000 inayobaki ndiyo itakayowavusha: dawa ya kupe kwa sababu ya ndigana, uhimilishaji, pengine mara mbili kwa ng'ombe mmoja, na malisho ya kiangazi cha kwanza. Chotara hastahimili ndigana kama mama yake, wala nagana, ule ugonjwa wa mbung'o. Kama zizi lako liko karibu na miombo yenye mbung'o, muulize daktari dawa ya kinga kabla ndama hajazaliwa. Mwisho hakikisha hereni na chapa vinalingana na jina la mzee, na hata kama ni jirani andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

SWALI: Mama, nina jike mmoja wa Ankole hapa Kasulu, banda langu ni dogo na anawachoma wenzake. Fundi seremala anasema atamkata pembe kwa msumeno. Nimruhusu?

Msomaji, Kasulu

JIBU: Hapana, tafadhali. Pembe ya ng'ombe mzima ina mishipa ya damu, na ndani kuna uwazi ulioungana na kichwa. Ukikata karibu na shina unafungua njia ya damu, nzi na usaha hadi kwenye fuvu. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo mwenye ganzi. Seremala mwambie akutengenezee hori refu zaidi lenye kigawanyo, ili huyo jike ale peke yake upande mmoja. Wengi huchomana wakati wa kula tu. Na ndama wake akizaliwa, usisubiri. Papasa kichwa chake akiwa na wiki mbili tatu, utasikia vitumba viwili vinavyoteleza chini ya ngozi. Vichomwe wakati huo, kwa ganzi, kabla hajafika miezi miwili na kabla havijashikana na mfupa.